Kichwa cha Mazoezi

Mzee Sumaku hakuvuka mlango wowote akiwa na chuma mwilini. Kabla ya kuingia ofisini kwake alivua saa, akatoa funguo, akafungua mkanda, vyote akavitia kwenye bakuli la plastiki lililokaa juu ya stuli. Mashine yenyewe ya kupiga picha za ubongo ilikuwa ghorofa mbili juu, mwisho wa korido, na kwa umbali ule sumaku yake isingevuta hata pini. Haidhuru. Alifanya hivyo benki, alifanya hivyo kwa kinyozi, na siku ya msiba wa mkewe, watu wanasimulia, alisimama mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe akavua mkanda mbele ya wakwe. Mkono mmoja ukashikilia suruali, mwingine ukapokea rambirambi.

"Huyo akifa," fundi wa mashine alimwambia Mwalimu siku yake ya kwanza kazini, "jeneza lake tutalibana kwa gundi. Misumari hataitaka."

Fundi alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyekaa kutwa nyuma ya kioo akiwaambia watu walale wasitikisike. Mwalimu alicheka kidogo, kicheko cha adabu cha mtu aliye mgeni.

Jina hilo la Mwalimu lilimfuata kutoka kazi ya zamani. Alifundisha hesabu sekondari miaka kumi na saba, hadi koo lilipogoma. Daktari akamwambia achague moja: darasa la watoto sitini au sauti. Akaenda kusoma takwimu kwa mwaka mmoja, akiwa na miaka arobaini na miwili, katikati ya vijana waliomwamkia kwanza ndipo wakamwomba kalamu. Alipomaliza akapata nafasi katika kitengo cha utafiti cha hospitali. Kitengo chenyewe kilikuwa watu wawili na mlango mmoja, chini kabisa ya jengo, jirani na chumba cha kufulia mashuka. Mumewe alikwishaondoka miaka mingi nyuma, bila ugomvi, kama mtu aliyehamishwa idara. Nyumbani hapakuwa na wa kumwuliza siku imekwendaje. Zilikuwapo siku ambazo maneno yake yote, tangu kuamka hadi kulala, aliyasema kwa Mzee Sumaku na kwa muuza mkate, na muuza mkate hakuwa msemaji.

Mzee alimfundisha kama anavyofundishwa mtu mzima, bila kumharakisha na bila kumsifu ovyo.

"Ubongo ukishaingia kwenye kompyuta si ubongo tena, Mwalimu. Ni namba. Picha imekatwakatwa vipande vidogo vya mchemraba, malaki na malaki, na kila kipande kina namba moja tu inayosema kinang'aa kiasi gani."

"Kama karatasi ya grafu."

"Karatasi ya grafu yenye kina. Sasa modeli ni nini? Ni kukisia namba hizo kwa sababu unazozijua. Umri, safu moja. Kutikisika kwa kichwa, safu nyingine. Ukishakisia, toa ulichokisia kwenye ulichopima. Kinachobaki ndicho tunacholipwa kukitazama."

"Na kama hakibaki kitu?"

"Unakwenda kula mchana mapema."

Alimwonya pia asishangilie haraka. Ukiwauliza watu laki moja swali la ndiyo au hapana, alisema, maelfu watakupa jibu unalolitaka hata kama swali lenyewe hawakulisikia. Vipande vya ubongo navyo ni hivyohivyo: vingine vitawaka tu, kwa bahati. Ndiyo maana kizingiti cha kusema "hapa pana kitu" kinawekwa kabla ya kufungua picha. Anayekiweka baada ya kuchungulia anajidanganya, tena kwa hesabu sahihi, na huo ndio uongo mgumu kuliko wote kuugundua.

Mwezi wa pili akampa Kichwa cha Mazoezi.

Kila aliyewahi kujifunza kazi katika chumba kile alipitia faili hilo. Lilikuwa na picha mia moja thelathini na nane za mtu mmoja asiye na jina, aliyelazwa ndani ya mashine kila mwanzo wa mwezi kwa zaidi ya miaka kumi na moja, ili mafundi wajue kama mashine bado inapima sawasawa. Pamoja naye walikuwamo watu wengine watano, wafagiaji na walinzi waliokubali kulala humo mara mbili tatu kwa mwaka. Mwanafunzi alitakiwa kupima sehemu moja ndogo ya ubongo, ile iliyojipinda kama kidole cha mtoto ndani kabisa upande wa sikio, ambayo kazi yake ni kuweka kumbukumbu. Achore mstari, aseme huyu mtu anaendeleaje.

"Wote wanne waliokutangulia walimzika," Mzee alisema, akifurahia mtego wake. "Tuone kama na wewe utakuja na sanda."

Mtego Mwalimu aliuona siku ya tatu. Mstari ulikwenda vizuri miaka minne, kisha ghafla ukashuka kama mtu aliyekosea ngazi. Mwanafunzi mwenye pupa angeandika palepale: mgonjwa, hali mbaya. Yeye alishika tama akautazama. Ubongo hauporomoki kwa mwezi mmoja halafu ukatulia. Akapanda juu kwa fundi.

"Hii mashine imekuwapo tangu lini?"

"Hii? Mbona ni mtoto. Ile ya zamani tuliitoa kwa kreni, na hii ikaingia hapo." Fundi akaelekeza ukuta nyuma yake. Sehemu moja, pana kama lango la gari, matofali yalikuwa mekundu zaidi ya mengine. "Tulivunja ukuta mzima. Mzee wako alisimama hapa anaangalia kama baba anayetoa binti."

"Mwaka gani?"

Fundi alimtajia. Ulikuwa mwaka wa nne wa picha zile. Mwalimu akashuka, akaongeza safu moja kwenye modeli, sifuri kwa mashine ya zamani, moja kwa mpya. Wale watu watano nao walikuwa wameshuka kwa kiasi kilekile, mwezi uleule. Mashine mpya ilichora kila kitu kikiwa kidogo zaidi, basi. Mporomoko ukafutika. Akatabasamu peke yake, na sauti za mashine za kufulia zikimsindikiza ukutani.

Ndipo akatazama mabaki.

Baada ya umri kutolewa, na mashine, na mtikisiko, mabaki yanatakiwa yawe yametapakaa hovyo juu na chini ya mstari, kama punje zilizomwagika. Yalikuwa hivyo kwa miaka minane. Miaka mitatu ya mwisho yalikuwa yamejipanga. Yaliteremka, mwezi kwa mwezi, taratibu, bila kelele, upande wa kushoto zaidi ya kulia. Wale watano hawakuteremka hivyo. Mwanafunzi aliyemtangulia alikuwa ameondoka miaka minne iliyopita. Mteremko huo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuona, kwa kuwa haukuwapo.

Alijishuku kwanza yeye mwenyewe, kama alivyofundishwa. Akarudia vipimo vyote kwa mkono. Ili kuhakikisha kwamba kichwa hakikulazwa vibaya, akaanza kufungua picha nzimanzima, moja baada ya nyingine, akizigeuza kwenye kioo cha kompyuta. Picha hizi kabla hazijapewa mtu hufutwa uso. Ni sheria ya kazi, na Mzee aliishika kama kiapo, kwa sababu ukizigeuza upande wa mbele kompyuta hukuchorea ngozi, pua, midomo, na mtu akajulikana. Kwa hiyo mbele ya kila kichwa palikuwa na pengo laini, kama udongo uliopitishiwa kiganja.

Picha ya mia moja ishirini na tisa haikuwa na pengo.

Alikuwa anatazamana na uso wa kijivu, macho yamefumbwa, paji pana, pua imeinama kidogo kushoto kwake yeye anayetazama. Uso huo alikuwa akikaa mkabala nao kila siku, meza moja, saa nane kwa siku.

Aliifunga. Akaifungua tena, akaifunga.

Mzee alikuwa kona ya chumba anamenya yai la kuchemsha. Alikuwa na desturi ya kulimenya lote kwanza, akapanga maganda mstari, ndipo akala. "Vipi, Mwalimu? Umekwisha kumzika?"

"Bado, Mzee."

"Safi. Usikimbilie."

Wiki ile Mwalimu hakulala vizuri wala hakula vizuri. Alijua mstari unasema nini. Alijua pia kwamba mtu anayeishi peke yake, anayetunza siri za vichwa vya watu na anayetoa maneno ambayo madaktari wanayategemea, hawezi kuendelea na kazi hiyo huku kidole kile cha kumbukumbu kinasinyaa. Angepaswa kuacha. Binti wa Mzee, aliyeishi mbali, angekuja kumchukua, na chumba kile cha chini kingebaki na mtu mmoja, mashine za kufulia, na bakuli la plastiki. Haya ya mwisho aliona aibu kuyafikiri, lakini aliyafikiri.

Akatafuta njia. Njia zilikuwapo. Aliondoa picha nane ambazo kichwa kilitikisika zaidi kuliko nyingine. Akauruhusu mstari wa umri upinde badala ya kunyooka. Kila hatua ingeweza kutetewa mbele ya mtu yeyote, na zote kwa pamoja zikaumeza ule mteremko kama maji yanavyomeza chumvi. Akaandika ripoti ukurasa mmoja: mabadiliko ya mwaka wa nne yametokana na mashine, zaidi ya hapo hakuna la kutaja. Kisha, kwa sababu alikuwa amezoea kusahihisha mitihani na mkono wake haukujua kazi nyingine, akaandika na ripoti ya pili, ya kweli, akaikunja mara mbili akaitia mkobani.

Alimpa ile ya kwanza asubuhi. Mzee aliisoma akiwa amesimama, suruali imeshikiliwa kwa kidole gumba.

"Mashine umeikamata. Wa kwanza kati ya watano." Akageuza karatasi, nyuma hapakuwa na kitu. "Hizi picha nane ulizozitoa. Kikomo cha mtikisiko ulikiweka kabla ya kuona mstari au baada?"

Mwalimu alimung'unya maneno.

"Nimekuuliza kitu chepesi."

"Baada."

"Haya. Nipe ile nyingine."

"Ipi, Mzee?"

"Mwalimu wa hesabu miaka kumi na saba hawezi kuandika hii tu akalala. Nipe."

Akaitoa mkobani. Mzee akakaa, akainyoosha kwa kiganja mezani, akaisoma polepole mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye grafu akaupitishia mstari ukucha. Usoni hakuonyesha huzuni. Alikuwa kama mtu aliyeletewa kazi nzuri na mwanafunzi.

"Ndivyo nilivyopata na mimi," akasema. "Mwaka jana. Lakini nimeutazama mno mstari huu. Siku nyingine nauona, siku nyingine siuoni. Mtu hawezi kusahihisha mtihani wake mwenyewe. Nilitaka jicho lisilojua mstari huu ni wa nani." Akavua miwani. "Ni mimi, Mwalimu. Samahani kwa kukutumia."

Nyuma ya ukuta mashuka yalikuwa yanazunguka.

"Sasa tuulizane kama watu wa kazi," Mzee akaendelea, na sauti yake ikachangamka. "Kichwa kimoja. Miaka mitatu. Watu watano wa kulinganisha, wawili kati yao vijana. Ungempelekea daktari karatasi hii, angesema nini? Angesema subiri mwaka mwingine. Mimi ningesema subiri mwaka mwingine. Kazi nafanya, njia ya nyumbani naijua, majina ya watu nayakumbuka, hata ya wasiostahili. Mstari peke yake haumwondoi mtu kazini."

Na alikuwa na haki. Kila alichosema Mwalimu angekiandika yeye mwenyewe pembeni mwa karatasi, kwa wino mwekundu, akakipa alama. Mwaka mmoja. Miezi kumi na miwili ya mayai na maganda yaliyopangwa, ya mtu wa kumwuliza amekunywa chai. Alikuwa amesema kweli kuhusu namba, na hakuna aliyekuwa anamwuliza zaidi ya hapo.

Alipiga moyo konde.

"Picha ya mia na ishirini na tisa ina uso, Mzee."

"Ina nini?"

"Haikufutwa."

"Haiwezekani." Alisema bila kufikiri, kama mtu aliyeambiwa ameacha mlango wazi. "Nazifuta mimi mwenyewe, siku ileile. Nina orodha, naweka tiki." Alivuta droo, akatoa daftari gumu la kijani, akafunua kurasa kwa kidole kilicholowa mate. Mwezi ule ulikuwapo. Tarehe, namba, na pembeni tiki mbili, moja juu ya nyingine, za kalamu mbili tofauti. Alikuwa ameweka alama mara mbili kwamba amefanya kazi ambayo hakuifanya.

Mwalimu alifungua picha akamgeuzia kioo. Mzee alijitazama kwa muda mrefu. Uso wa kijivu haukumtazama, macho yalikuwa yamefumbwa.

"Miaka yote hii," akasema mwishowe, "sijasahau uso wa mtu hata mmoja."

"Wa mtu hukusahau. Ulisahau wako."

Alijuta alipokwisha kusema, lakini Mzee aliitikia kwa kichwa, tena mara mbili, kama mtu anayekubali marekebisho ya jirani mwenye akili. Akalifunga daftari. Kisha akachukua kipanya, akaufuta uso wake: paji, macho, pua, midomo, mpaka pakabaki laini.

"Nitafutie namba ya binti yangu," akasema. "Imo kwenye simu, lakini leo sijiamini."

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo, kama yanavyokwenda mambo yaliyokuwa yakisubiri mtu mmoja aseme neno. Daktari wa kumbukumbu alimfanyia majaribio siku mbili. Alimtajia maneno matano akamwambia ayarudie baada ya robo saa. Mzee akarudia matatu na kumwambia kwamba majaribio yenyewe yana dosari, na dosari akaitaja, nayo ilikuwa ya kweli. Daktari akacheka, kisha akaandika alichopaswa kuandika. Kazini walimfanyia chai ya kumuaga. Fundi alileta mkanda mpya wenye kifungo cha mbao, usio na chembe ya chuma, na watu wakacheka hadi wakafuta machozi, wengine wakaendelea kuyafuta kicheko kilipokwisha.

Wiki tatu za mwisho alimkabidhi Mwalimu kila kitu: mafaili, orodha, namna ya kuongea na madaktari wanaotaka matokeo kabla ya data. Aliandika maelekezo yote kwenye karatasi, na Mwalimu aliona kwamba maelekezo mengine aliyaandika mara mbili. Alizipokea karatasi zote mbili kila mara, akashukuru, akazitia kwenye jalada moja.

Siku ya safari binti yake alikuja na gari ndogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye haraka ya watu waliozoea kubeba majukumu, na pua ileile. Alimshika Mwalimu mikono yote miwili.

"Dada, wewe ndiye uliyemwambia?"

"Ndimi."

"Mimi nilikuwa nasikia kwenye simu. Hadithi moja mara mbili, mara tatu. Nikajitia hamnazo." Alitazama pembeni. "Sikujua nimwambieje baba yangu mzazi."

Walipakia masanduku mawili, redio, na kiti cha kamba ambacho hakikuingia hadi kilipofunguliwa miguu. Mzee hakusaidia, alisimama kivulini mwa ukuta wa hospitali, mikono nyuma, akiwatazama kama anayekagua. Jua lilikuwa kali na eneo lote la maegesho lilikuwa tupu. Nyumba yake ilikuwa imekwishapata mpangaji. Mwalimu alifikiri juu ya chumba cha chini, kwamba baada ya nusu saa atashuka humo, na hatakuwa na haja ya kumwambia mtu yeyote kwamba amerudi.

Binti alizunguka akaingia upande wa usukani. Mzee akaingia upande wa pili, akafunga mkanda wa gari, akaukunjia uso kidogo kwa sababu ya kile chuma chake, lakini akauacha. Mwalimu akainama dirishani.

"Mzee, kwenu ni mwendo wa saa nne kwa basi. Naweza kuja mara mojamoja, kama sitawasumbua."

"Baba, anasema atakuja kukutazama," binti akasema kwa sauti ya juu kidogo, sauti ambayo watu huanza kuitumia kabla haijahitajika. "Leo si unakumbuka ni siku gani? Tulikuwa tunasema asubuhi."

Mzee alimtazama Mwalimu, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Mwalimu uliokuwa kwenye ukingo wa dirisha, mkono mkavu, mwepesi.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Njoo wakati wowote. Ila na wewe usiniulize leo ni siku gani."